Ole Evinrude, fundi aliyeipa mitumbwi injini ya kubebeka

Kila asubuhi katika bandari ndogo ya Kituku, magharibi mwa mji wa Goma, boti za mbao zinaingia na magunia ya makala, maharagi, vitunguu na mikungu ya ndizi kutoka Minova, Kalehe na kisiwa cha Idjwi. Nyuma ya nyingi kati yake kumefungwa injini ambayo watu wawili wanaweza kuifungua, kuiweka begani na kwenda kuilaza nyumbani. Umbo lake linajulikana na kila mtoto wa ziwani: kichwa juu, shina refu linaloshuka, na chini kabisa elisi, ile panga inayozunguka ndani ya maji.

Umbo hilo lilienea duniani kwa kazi ya fundi mmoja aliyekufa mwaka 1934, Ole Evinrude, mtoto wa wahamiaji kutoka Norway waliohamia Marekani. Hakuwa wa kwanza kuwaza injini ya kufunga nyuma ya mtumbwi. Ila ndiye aliyeifanya ikawa kitu ambacho mvuvi wa kawaida anaweza kununua, kubeba na kuamini. Na maisha yake yote yalizunguka swali ambalo mwenye boti wa Kituku hulikuta kabla ya kutoa pesa zake: chombo chepesi kinataka injini ya namna gani?

Mtoto wa mashamba na maji

Ole Evinrude alizaliwa tarehe 19 Aprili 1877 huko Vardal, karibu na mji wa Gjøvik, kusini mwa Norway. Jina Evinrude lilitokana na shamba la Evenrud la huko walikotoka. Mwaka 1882, Ole akiwa na miaka 5, familia ilivuka bahari na kukaa karibu na kijiji cha Cambridge, jimbo la Wisconsin, pembeni ya ziwa dogo linaloitwa Ripley.

Baba yake alikuwa mkulima na alitaka mwanawe ashike jembe. Kijana alipenda maji na vyuma. Inasimuliwa kwamba alijenga boti ya tanga kwa siri, baba akaikuta na kuivunja kuwa kuni, na Ole akaanza tena upya. Boti ya pili ilipoelea vizuri, watu wa kijiji walilipa senti chache ili kuzungushwa ziwani. Huo ndio ulikuwa ushuru wake wa kwanza wa maji.

Akiwa na miaka 16 aliondoka nyumbani, akaenda Madison, mji mkuu wa jimbo, kujifunza ufundi katika karakana ya mashine za kilimo. Mshahara ulikuwa mdogo sana. Usiku alisoma vitabu vya hesabu na vya ufundi alivyovipata. Baadaye alifanya kazi katika viwanda vya chuma vya Pittsburgh, kisha Chicago. Katika miaka hiyo injini za kuchoma esansi zilikuwa kitu kipya. Nyingi zilikuwa mizigo mikubwa ya chuma iliyosimikwa sakafuni, na hakuna aliyewaza kuibeba.

Aliwaza gari kabla ya boti

Mwaka 1900 Evinrude alifika Milwaukee, mji wa viwanda kando ya ziwa Michigan, akaajiriwa na kampuni ya E.P. Allis. Kazi yake ilikuwa kuchonga maumbo ya mbao ambayo hutumiwa kutengeneza kalibu za kumiminia chuma. Katika kazi hiyo fundi anajifunza jambo moja haraka: kila unene anaouacha kwenye mbao utageuka kuwa uzito wa chuma, na uzito huo utabebwa na mtu fulani mpaka siku mashine itakapokufa.

Jioni aliunda injini zake mwenyewe. Wazo lake la kwanza halikuhusu maji. Alitaka kutengeneza injini moja ya kawaida ambayo mtu yeyote mwenye gari la farasi, au karakana yoyote ndogo, angeweza kuinunua na kuifunga kwenye chombo chake. Mnunuzi angeleta bodi, Evinrude angeleta nguvu. Milwaukee ya miaka hiyo ilikuwa imejaa vijana wenye ndoto kama hiyo. Inasimuliwa kwamba alitoa msaada kwa vijana waliokuwa wakiunda pikipiki yao ya kwanza katika mji huohuo, wale ambao baadaye kampuni yao iliitwa Harley-Davidson.

Biashara zake za kwanza zilivunjika moja baada ya nyingine. Washirika waliondoka, madeni yakabaki. Mashine zake zilifanya kazi vizuri, lakini yeye hakuwa na kipaji cha kuandika barua, kufuata wadeni wala kushawishi wanunuzi. Mwenye kipaji hicho alikuwa jirani yake, Bess Cary, msichana aliyesoma mambo ya biashara. Alianza kwa kumsaidia kupanga barua na hesabu. Wakafunga ndoa mwezi Novemba 1906. Mwaka uliofuata walipata mtoto wao wa pekee, Ralph.

Safari ya makasia iliyozaa wazo

Habari inayosimuliwa zaidi juu ya Evinrude ni ya siku moja ya joto kali katika kiangazi cha 1906, walipokwenda na marafiki kupumzika kwenye kisiwa cha ziwa moja karibu na Milwaukee. Bess alitamani aiskrimu. Ole akachukua mtumbwi, akapiga makasia hadi ng'ambo, akanunua, akageuka. Upepo ulikuwa wa mbele. Alipofika kisiwani aiskrimu ilikuwa imeyeyuka, na mikono yake imechoka kabisa.

Mtu yeyote aliyewahi kuvuka kutoka Idjwi kwa makasia dhidi ya upepo wa mchana anaelewa kilichomjia kichwani. Mkono wa mtu una nguvu ndogo, na unachoka. Injini haichoki. Lakini injini za boti za wakati huo zilikaa katikati ya chombo, zimefungwa kwa bolti, na mhimili wake ulipenya kwenye tundu lililotobolewa chini. Zilikula nafasi ya mizigo, zilihitaji chombo kijengwe kwa ajili yake, na mwenye mtumbwi mdogo wa kukodisha hakuweza hata kuota kuwa nayo.

Wengine walikuwa wameanza kutafuta njia. Mmarekani Cameron Waterman alikuwa tayari anauza injini ya kufunga nyuma ya mtumbwi kutoka Detroit. Evinrude aliingia katika njia iliyokwisha kufunguliwa. Tofauti yake ilikuwa katika mpangilio na katika uimara.

Kilo 28 kwa nguvu moja na nusu

Injini aliyoikamilisha mwaka 1909 ilikuwa na silinda moja iliyolala. Juu yake kulikuwa na gurudumu zito lililolala pia, lenye kishikio cha mkono: mtu alishika, akalizungusha kwa nguvu, injini ikawaka. Mhimili ulishuka wima ndani ya shina mpaka chini, ambako meno mawili ya gia yaligeuza mzunguko na kuupeleka kwenye elisi. Maji ya ziwa yalipoza silinda. Kugeuza chombo, mtu aligeuza injini yote kwa mkono. Hakukuwa na haja ya usukani mwingine.

Bess alipoiona aliifananisha na mashine ya kusaga kahawa. Ilikuwa na nguvu ya farasi moja na nusu, uzito wa kilo 28 hivi, na bei ya dola 62. Rafiki mmoja aliazima moja kwenda nayo ziwani, na aliporudi alikuwa na maombi ya watu 10 waliotaka kununua. Kundi la kwanza la injini 25 Evinrude alilitengeneza kwa mikono.

Kwa macho ya leo, kilo 28 kwa nguvu ndogo kiasi hicho ni mzaha: karibu kilo 19 za chuma kwa kila nguvu moja ya farasi. Evinrude alilijua hilo. Alichagua uzito huo kwa sababu chuma cha kumimina kilikuwa rahisi kupatikana. Kati ya injini nyepesi inayovunjika na injini nzito inayorudi nyumbani kila jioni, alichagua inayorudi. Uchaguzi huo wa kwanza ndio uliomjengea jina.

Bess ndiye aliyelipeleka jina hilo mbali. Aliandika tangazo lililowaalika watu kuyatupa makasia na kutumia injini ya mume wake, akalilipia katika gazeti. Barua zikaanza kumiminika. Bess akaandika pia kwa wafanyabiashara wa nje, na mmoja wao, Oluf Mikkelsen, mwenye asili ya Denmark aliyekuwa New York, aliona mara moja mahali ambapo mashine hiyo ingehitajika: kwa wavuvi wa Denmark, Norway na Sweden. Injini nyingi zilivuka bahari kurudi katika nchi ambayo Ole aliiacha akiwa mtoto. Mwaka 1911 alipewa hati ya serikali ya Marekani iliyolinda uvumbuzi wake.

Pesa za kukuza kiwanda zilitoka kwa Chris Meyer, mwenye boti za kuvuta meli, ambaye alitoa dola 5,000 na kupata nusu ya kampuni. Katika miaka michache, karakana ya watu wachache iligeuka kiwanda chenye wafanyakazi 300.

Siku alipouza jina lake

Mafanikio yalikuja na gharama. Bess alishughulikia barua, matangazo, wauzaji na hesabu, na afya yake ikaharibika. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Evinrude alichukua uamuzi ambao wafanyabiashara wengi wangeuogopa: aliuza sehemu yake yote kwa Meyer, ili ampeleke mke wake kupumzika. Katika mapatano aliahidi kwamba kwa miaka 5 hataingia tena katika biashara ya injini za boti. Jina Evinrude lilibaki mlangoni mwa kiwanda, mwenye jina akatoka.

Familia ilizunguka Marekani kwa gari, ikavua samaki, ikapumzika. Mikono ya fundi haikupumzika. Kila alipofunga injini yake ya zamani kwenye mtumbwi, Evinrude alisikia uzito uleule ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuchonga. Mnunuzi wa kawaida aliibeba kutoka nyumbani hadi majini na kurudi nayo. Kilo 28 zilikuwa nyingi kwa mwanamke, kwa mzee, na kwa mtumbwi mwembamba ambao nyuma yake ilizama mara tu injini ilipowekwa.

Alipochora upya, aliacha chuma cha kumimina na kuchukua aluminiamu kwa sehemu nyingi. Badala ya silinda moja akaweka mbili zinazotazamana, moja huku na moja kule, ili pigo la moja lipozwe na pigo la nyingine na mtetemo upungue. Matokeo yalikuwa nguvu 3 za farasi kwa uzito wa kilo 22 hivi. Nguvu iliongezeka mara mbili, na uzito ulipungua. Kwa kila nguvu moja ya farasi, kilo 19 zilishuka zikawa 7 na kitu.

Miaka 5 ilipokwisha alimpelekea Meyer mchoro huo. Meyer alikataa. Kampuni ilikuwa inauza injini ya zamani vizuri, na haikuona sababu ya kubadilisha. Hapo Evinrude, akiwa na miaka zaidi ya 40, alilazimika kuanza tena bila jina lake mwenyewe, kwa sababu lilikuwa mali ya mwingine. Yeye na Bess walianzisha kampuni mpya waliyoiita Elto, jina lililoundwa kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya injini nyepesi ya Evinrude yenye silinda mbili. Tangu mwaka 1921 Elto ilishindana sokoni na mashine zilizobeba jina la mwanzilishi wake. Na injini nyepesi ikaanza kuishinda ile nzito.

Hesabu ile ile kwenye ziwa Kivu

Mwenye boti wa leo hachongi injini, ila anafanya uchaguzi uleule aliofanya Evinrude mara mbili. Injini ya mapigo mawili yenye nguvu 40 za farasi, ya aina inayotumiwa sana kwenye maziwa ya Afrika, ina uzito wa kilo 70 hivi. Hiyo ni chini ya kilo 2 kwa kila nguvu moja. Ile ya nguvu 15 iko karibu na kilo 36. Tofauti ya kilo 30 na zaidi inaonekana ndogo mbele ya magunia ya makala. Lakini gunia linawekwa katikati, na injini inaning'inia mwishoni kabisa, pale ambapo kila kilo inasukuma nyuma ya chombo chini na kuinua pua yake juu. Ukuta wa nyuma ukishuka, wimbi dogo tu linaingia.

Jambo la pili ni umbo la chombo. Boti ndefu nzito inayokata maji bila kuinuka juu yake ina mwendo wake wa asili, unaotokana na urefu wake. Kwa boti ya mita 10, mwendo huo ni karibu kilomita 14 kwa saa. Ukikaribia hapo, nguvu ya ziada inageuka kuwa wimbi kubwa nyuma na esansi inayochomwa bure. Anayefunga injini ya nguvu 40 mahali ambapo 25 zingetosha anabeba uzito zaidi, analipa mafuta zaidi, na anafika Minova karibu saa ileile.

La tatu ni urefu kutoka usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini inayovuta hewa nyepesi inachoma mafuta kidogo kwa kila pigo. Inapoteza karibu sehemu moja kati ya saba ya nguvu yake. Injini iliyoandikwa 40 kiwandani hufanya kazi ya 34 hivi mbele ya Goma. Dawa yake mara nyingi iko kwenye elisi. Elisi yenye mapanga yaliyolala, ambayo inasogea mbele kidogo kwa kila mzunguko, inairuhusu injini izunguke kwa kasi inayotakiwa hata ikiwa na mzigo. Elisi ya mwendo mkali ikifungwa kwenye boti ya mizigo inailemea injini, silinda zinapata moto, pistoni zinakwaruzika.

Shina nalo linachaguliwa. Yapo mafupi ya sentimita 38 na marefu ya sentimita 51. Fupi kwenye ukuta mrefu linaivuta elisi juu, inameza hewa na kupiga kelele bila kusukuma. Refu kwenye ukuta mfupi linakokota maji bure, na linagonga mawe wakati wa kutia nanga.

Kanuni hizo si za maji peke yake. Mwaka 1957 Mwingereza Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alianza kuuza gari dogo la michezo, Lotus Seven, likiwa vipande ambavyo mnunuzi aliweza kuviunganisha nyumbani. Injini zilitoka kwingine: ya Ford ya kawaida kwa asiye na pesa nyingi, ya Coventry Climax kwa anayetaka mbio. Chapman, kama Evinrude, alipunguza uzito wa chombo kwanza, ndipo akauliza nguvu. Gari jepesi lililowekewa injini nzito mbele linakataa kupinda kona, kama mtumbwi uliolemewa nyuma unavyokataa kupanda wimbi.

Lipo pia lile ambalo hakuna injini inayoweza kulipima. Tarehe 3 Oktoba 2024, chombo MV Merdi kilichotoka Minova kilizama karibu na Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakisubiri ndugu zao ufukweni. Makumi ya watu walikufa. Siku hizo vita vilikuwa vimefunga njia ya magari kati ya Goma, Sake na Minova, na watu wengi na mizigo yao walihamia majini. Chombo kilikuwa kimebeba kupita kiasi chake. Kilo zinazookolewa kwa kuchagua injini nyepesi zina faida pale tu zinapobaki wazi, kama nafasi kati ya maji na ukingo wa boti. Zikijazwa magunia na watu wengine, uchaguzi mzuri wa injini unakuwa haujamsaidia mtu.

Mbio za nguvu

Evinrude aliona mapema jinsi nguvu inavyoweza kuwalevya watu. Mwaka 1922 ndugu wa familia ya Johnson, kutoka South Bend katika jimbo la Indiana, walitoa injini ya nguvu 2 za farasi yenye uzito wa kilo 16 tu. Kwa wepesi walikuwa wamempita. Mwaka 1926 wakaja na nyingine ya nguvu 6, ambayo iliweza kuinua boti ndogo nyepesi ikateleza juu ya maji badala ya kuyakata. Ghafla wateja walianza kuuliza kasi. Vilabu vya mashindano vikazaliwa kila mahali kwenye maziwa ya Marekani.

Elto ilijibu mwaka 1928 kwa injini ya silinda 4 iliyotoa nguvu 18 za farasi. Hata katika mbio hizo mtindo wa Evinrude ulibaki: silinda zaidi, ndogo na zilizopangwa kwa usawa, badala ya silinda moja kubwa inayotikisa chombo chote. Wakati huohuo aliendelea kuuza injini ndogo kwa wavuvi, kwa sababu alijua kwamba anayeshinda mbio Jumapili ni mmoja, na wanaokwenda kutega nyavu Jumatatu ni maelfu.

Jina linarudi kwa mwenyewe

Mwaka 1929, miezi michache kabla ya anguko kubwa la uchumi wa Marekani, kampuni tatu ziliungana: Elto, kampuni nyingine ya injini za boti iliyoitwa Lockwood, na ile ya zamani ya Evinrude, ambayo wakati huo ilikuwa imenunuliwa na watu wengine, akiwemo Stephen Briggs. Kampuni mpya iliitwa Outboard Motors Corporation, na Ole Evinrude akawa mkuu wake. Baada ya miaka 15 na zaidi, alirudi kuongoza mashine zilizobeba jina lake.

Furaha haikudumu. Uchumi ulianguka, na injini za boti zilikuwa kati ya vitu vya kwanza ambavyo watu waliacha kununua. Bess, aliyekuwa amejiondoa kazini kwa sababu ya afya, alikufa mwaka 1933. Ole alimfuata tarehe 12 Julai 1934, akiwa na miaka 57. Waliowafahamu waliona kwamba hakupona pigo la kumpoteza mtu aliyekuwa nusu ya kazi yake yote. Ralph, mwana wao, alichukua uongozi, na mwaka 1936 kampuni ikaungana na ile ya Johnson, mshindani wao wa zamani.

Kampuni hiyo ilitawala soko la injini za boti kwa miaka mingi, kisha ikafilisika mwezi Desemba 2000. Jina Evinrude lilinunuliwa na kampuni ya BRP ya Canada, ambayo mwaka 2020 ilitangaza kuacha kabisa kutengeneza injini hizo. Leo asilimia kubwa ya injini zinazoonekana kwenye maziwa ya Afrika zimeandikwa majina ya Kijapani.

Mpangilio haukubadilika. Gurudumu juu, mhimili wima, gia mbili chini, elisi nyuma, na chombo kinachogeuzwa kwa mkono wa mtu mmoja. Kile ambacho Evinrude alikifanyia kazi kwa miaka 25 kimebaki pia kuwa mtihani wa kwanza wa fundi yeyote anayekagua injini kabla ya kuinunua: ainyanyue kutoka ardhini, asikie uzito wake mikononi, kisha aangalie tena boti itakayoibeba.